Mtoto wa Gredi ya Tano Asiyejua Kusoma: Afundishwe Nini, Afundishwe Vipi?

Kila mwalimu wa shule ya msingi anamjua mtoto huyu. Yuko Gredi ya 5, mwandiko wake unasomeka, na lolote lililoandikwa ubaoni analinakili bila kuacha nukta. Akiambiwa asimame asome sentensi aliyoinakili kwa mkono wake mwenyewe, ananyamaza. Akibanwa, analitazama neno la kwanza, anaitazama picha, anautazama uso wa mwalimu, kisha anabahatisha. Wenzake wanacheka, mwalimu anampa mwingine zamu, na somo linaendelea. Mtoto anarudi nyumbani akiwa amejifunza kwamba kunyamaza ni salama kuliko kusoma.

Mtoto huyo yuko Shelly Beach kama alivyo Kisauni na Changamwe. Upande huu wa Likoni, ng'ambo ya feri, unakaliwa na watu wa kila asili: Wadigo na Waduruma, Waswahili waliovuka kutoka kisiwani, Wakamba, Wataita na Waluo waliofuata kazi za bandarini na hotelini. Ndani ya nyumba kila mmoja ana lugha yake, lakini njiani, ufuoni na kiwanjani watoto wote husema Kiswahili. Yule anayenyamaza darasani ndiye huyo huyo atakayekusimulia mechi ya jana jioni, kuanzia bao la kwanza hadi la mwisho, bila kumeza neno. Lugha anayo. Kilichomshinda ni maandishi.

Swali ni hili: mtoto kama huyo afanyiwe nini? Kuna wanaosema ataelewa akikua. Wengine wanasema ni mvivu, au nyumbani hapati msaada, au kichwa chake kizito. Wapo pia wanaoamini kwamba shule ikipata vitabu vya kutosha, mambo yatanyooka. Ninavyoona mimi, majibu hayo yote yanakwepa kazi yenyewe. Kusoma ni ufundi wenye hatua zinazojulikana, na mtoto aliyekwama hukwamuka pale anapofundishwa hatua hizo waziwazi, moja baada ya nyingine, bila kuachiwa azigundue mwenyewe. Ushahidi wa jambo hili hauko mbali. Mwingi ulipatikana hapa hapa Pwani, katika kaunti inayopakana na Likoni.

Kusoma hakuji kwenyewe

Mtoto hujifunza kusema kwa kusikia. Hakuna mama anayekaa na mwanawe kumfundisha ngeli, na mtoto wa miaka minne hasemi "kiti wangu" akiwa amelelewa na Waswahili. Kusoma si hivyo. Maandishi yalibuniwa na watu, na anayeyasoma lazima aonyeshwe siri yake: kwamba maneno tunayosema yamejengwa kwa sauti ndogondogo, na kwamba kila sauti ina alama yake. Mtu mzima ajuaye kusoma ameisahau siri hiyo, kwa kuwa macho yake yanalitambua neno zima kwa kufumba na kufumbua. Ndiyo maana huona ajabu mtoto anaposhindwa na jambo analoliona jepesi.

Mwaka 1986 wataalamu Philip Gough na William Tunmer walitoa maelezo mafupi ambayo yametumiwa na watafiti wengi tangu hapo. Walisema kusoma kwa ufahamu kunategemea mambo mawili kwa pamoja: kuyageuza maandishi yawe maneno, na kuielewa lugha yenyewe. Moja likiwa sufuri, jibu ni sufuri. Mwaka 2000 jopo la kitaifa la Marekani lililopitia tafiti za ufundishaji wa kusoma lilitaja nguzo tano: kuzitambua sauti ndani ya maneno, kuambatanisha herufi na sauti, kusoma kwa ufasaha, msamiati, na ufahamu. Programu nyingi za kusoma katika Afrika Mashariki zilizofuata zilijengwa juu ya nguzo hizo.

Wazo lenyewe si geni kwa mtu wa Likoni. Likoni kuna shule ya watoto wasioona, na huko hakuna anayemkabidhi mtoto ukurasa wa breli akangoja vidole vyake vifahamu vyenyewe. Kila herufi ya breli hupangwa katika nafasi sita za nukta, na mtoto hufundishwa alama moja baada ya nyingine, huku vidole vikizoezwa mpaka vizoee. Anayeona ana haki ya uangalifu huo huo. Wala usiende mbali: karibu kila mtoto wa Kiislamu wa mtaa huu amepita madrasa, na huko huanza na hijai. Hujifunza herufi, kisha herufi na irabu zake, kisha kuunganisha, na mwalimu hamruhusu kuruka hatua. Watoto wengi wanaosemekana shuleni kwamba hawawezi kusoma wameshaweza kutamka kurasa za maandishi ya Kiarabu, lugha wasiyoisema. Anayeweza hilo hana kichwa kizito.

Madrasa hiyo hiyo inatuonyesha pia mpaka wa hatua hii. Mtoto anaweza kutamka aya bila kuzijua maana zake mpaka afike kwa mwalimu wa tafsiri. Shuleni nako ni vivyo hivyo: kutamka maandishi ni mlango tu, maana iko ndani. Lakini hakuna aliyeingia ndani bila kupita mlangoni.

Mtoto anakwama wapi hasa

Kiswahili kina bahati kubwa katika uandishi wake. Irabu ni tano na hazibadiliki, na neno huandikwa kama linavyotamkwa. Utafiti wa Seymour, Aro na Erskine wa mwaka 2003, uliolinganisha lugha za Ulaya, ulionyesha kwamba watoto wanaoanza kusoma lugha zenye tahajia ya wazi, kama Kifini na Kiitaliano, hulimudu jambo hili mapema zaidi kuliko wanaoanza na Kiingereza. Kwa hivyo mtoto wa Shelly Beach angeweza kusoma Kiswahili vizuri mwisho wa Gredi ya 1 au ya 2. Ikiwa hajaweza, kuna mahali ufundishaji uliruka. Mahali hapo panaweza kutambuliwa.

Pa kwanza ni majina ya herufi. Watoto wengi huletwa shuleni wakijua kuimba herufi kwa Kiingereza: ei, bii, sii. Mzazi hufurahi, lakini wimbo huo hausomeshi. Anayejua kwamba alama ya kwanza huitwa "em" na ya pili "ei" hapati "ma" kwa kuziunganisha, anapata "emei". Tena kuna mtego mkubwa zaidi. Herufi "e" kwa Kiingereza huitwa kwa sauti ambayo Kiswahili huiandika kwa "i", na herufi "i" huitwa "ai". Mtoto aliyesikia "kiti" akaandika "kete" hakufanya upuuzi, amefuata alichofundishwa. Dawa yake ni kufundishwa sauti kabla ya jina: hii inasema /m/, hii inasema /a/, ziunganishe, unapata "ma".

Pa pili ni kubahatisha. Kitabu kina picha ya mtoto ameshika kamba, chini yake pameandikwa "mtego". Msomaji anaona "mt-", anaitazama picha, anasema "mtoto". Mwalimu mwenye wanafunzi wengi anaweza kulipita kosa hilo, kwa kuwa hadithi kweli ina mtoto. Lakini kosa hilo ndilo linalotoa habari ya ugonjwa: huyu hasomi mpaka mwisho wa neno. Anayefundisha waziwazi atalifunika neno, afungue "m", kisha "te", kisha "go", na mtoto atasoma kilichopo, si anachokitarajia.

Pa tatu ni herufi zinazosimama pamoja. Watoto wengi huzimudu silabi nyepesi, ba be bi bo bu, kisha wanaanguka kwenye "nya", "dha", "gha", "mbwa", "ng'o" na "ngo". Anayekaa Shelly Beach na kupanda matatu kwenda Ukunda hupita Ng'ombeni kila mara, lakini huenda hajawahi kuonyeshwa kinachoitofautisha sauti ya mwanzo wa "ng'ombe" na ile ya "ngoma". Watafiti Katherine Alcock na Damaris Ngorosho, waliochunguza tahajia za watoto wa shule Tanzania, walionyesha kwamba kujifunza kuandika Kiswahili si kazi nyepesi kama tunavyodhani, na kwamba matamshi ya nyumbani huingia katika makosa ya watoto. Kwetu ni dhahiri. Mtoto wa nyumba inayosema Kimvita husema "ndia" na "mato", kisha kitabu kinamwekea "njia" na "macho". Aambiwe kwamba nyumbani ni hivi na kitabuni ni hivi, na vyote ni Kiswahili. Hapana haja ya kumuaibisha kwa lafudhi ya mama yake.

Pa nne ni urefu wa maneno. Kiswahili hubebesha neno moja sentensi nzima. "Hawatatusimulia" ina silabi nane, na msomaji mchanga akifika ya tano amesahau ya kwanza. Huyu afundishwe kulikata neno mahali panapokatika: ha-wa-ta-tu-simulia. Viambishi hivyo anavitumia akisema kila siku, kwa hiyo akionyeshwa mara chache atavitambua kila ukurasa.

Pa tano ni kasi. Vigezo vilivyotumika Kenya wakati wa Tusome, programu ya kitaifa ya kusoma, vilisema mtoto anayesoma kwa ufasaha asome maneno 45 ya Kiswahili kwa dakika, na maneno 65 ya Kiingereza. Anayeanza kuchipuka ni wa maneno 17 kwa Kiswahili na 30 kwa Kiingereza. Kasi si mashindano. Anayesoma maneno kumi kwa dakika huzimaliza nguvu zake zote kwenye herufi, na sentensi inapofika mwisho, mwanzo wake umeshapotea. Hawezi kuelewa, hata kama hadithi yenyewe angeielewa mara moja akisimuliwa.

Ushahidi wa jirani zetu

Mwaka 2007 Malindi ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza Kenya kupimwa kusoma kwa watoto mmoja mmoja, kwa kipimo cha dakika chache cha Kiswahili na Kiingereza. Kazi hiyo ilifanywa na Wakfu wa Aga Khan pamoja na shirika la RTI katika shule 40. Baadaye Margaret Dubeck, Matthew Jukes na George Okello waliingia madarasani Pwani kutazama jinsi kusoma kunavyofundishwa katika madarasa ya chini. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2012, walieleza kwamba walimu walikuza zaidi lugha ya mdomo, huku uhusiano wa herufi na sauti ukipewa nafasi ndogo. Watoto walisoma pamoja kwa sauti, neno zima baada ya neno zima. Kwa masikio ya mpita njia darasa hilo lilikuwa linasoma, kumbe wengi walikuwa wanaitikia.

Hapo ndipo ulipokuja mradi wa HALI, ulioanza mwaka 2010 katika shule 101 za Kwale. Nusu ya shule zilipewa njia mpya na nusu zikaendelea kama kawaida, kwa kuchaguliwa kwa bahati nasibu, ili ijulikane kwa hakika kilicholeta tofauti. Walimu wa madarasa ya kwanza walipewa warsha, miongozo ya masomo iliyopangwa hatua kwa hatua kuanzia sauti na herufi, na ujumbe mfupi wa simu kila wiki wa kuwakumbusha na kuwatia moyo. Hakukuwa na kompyuta wala majengo mapya. Baada ya miaka miwili watoto wa shule hizo walikuwa mbele katika kusoma na kuandika. Tena waliacha shule wachache zaidi: asilimia 2.1, ikilinganishwa na asilimia 5.3 kule kwingine. Takwimu hii ya mwisho inanigusa kuliko zote. Tumezoea kusema watoto wa Pwani huacha shule kwa sababu ya umaskini, na umaskini upo kweli. Lakini mtoto huacha shule pia kwa sababu hakuna anachokipata humo.

Mradi huo huo ulijaribu pia kuwapima watoto malaria shuleni na kuwatibu, kwa matumaini kwamba wakipona watajifunza zaidi. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2014 hayakuonyesha faida, si katika afya wala katika masomo. Si kwamba afya haina maana. Ni kwamba mtoto mwenye afya naye hajui kusoma mpaka afundishwe.

Lazima niseme pia kwamba si kila mradi ulifanikiwa sawa. Programu ya Reading to Learn, iliyoendeshwa Kinango na Kwale na pia kaskazini mwa Uganda, ilileta faida ndogo kwetu kuliko Uganda. Nayo tunaisoma kwa makini: njia nzuri haitoshi kuwa nzuri kwenye karatasi, inategemea inavyotumika darasani.

Kutoka kwa majaribio hayo, na ya mradi wa kusoma wa PRIMR yaliyofanywa kati ya 2011 na 2014, ilizaliwa Tusome. Tangu 2015 ilifika katika shule za umma zaidi ya 22,000 nchini. Kila mtoto alipata kitabu chake, kila mwalimu mwongozo, na maafisa wa kusaidia mtaala wakapewa tableti za kufuatilia masomo darasani. Watafiti waliochambua PRIMR walijiuliza ni kipi katika mchanganyiko huo kilicholipa zaidi. Mafunzo ya walimu peke yake yalisaidia kidogo. Yalipoongezewa vitabu na mwongozo wa mwalimu, ndipo watoto waliposoma. Jirani zetu wa Tanzania, katika majaribio ya KiuFunza yaliyohusu shule 350, waliona jambo linalofanana: kupeleka fedha shuleni peke yake hakukubadilisha alama za watoto. Fedha zilizaa matunda zilipoambatana na motisha kwa mwalimu aliyefundisha watoto wakajua.

Waliopitwa na gari

Hayo yote yalilenga Gredi ya 1 hadi ya 3. Mtoto wetu yuko Gredi ya 5. Yeye je?

Hapa ndipo mfumo wetu unapovuja. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza mtoto kurudishwa darasa, na ni sheria nzuri, kwa kuwa kumrudisha mtoto darasa bila kubadilisha ufundishaji ni kumpa dawa ile ile iliyoshindwa. Lakini kumpandisha bila kumfundisha kusoma ni kumtelekeza kwa heshima. Akifika Gredi ya 4, lugha ya kufundishia inakuwa Kiingereza, masomo yanaongezeka, vitabu vinanenepa, na mtaala unachukulia kwamba kusoma kumekwisha kufundishwa. Mwaka 2021 tathmini ya nchi nzima ya Usawa Agenda ilionyesha kwamba kati ya kila wanafunzi 100 wa Gredi ya 4, ni 40 tu walioweza kusoma kifungu cha Kiingereza cha kiwango cha Gredi ya 3. Basi wengi wa darasa wako nyuma ya kitabu kilicho mbele yao.

Kuongeza vitabu hivyo hivyo hakuwasaidii. Utafiti wa Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba vitabu vya kiada vilipogawiwa shuleni, waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa wazuri tangu awali. Wengine hawakuweza kuvisoma.

Kilichosaidia ni kumfundisha mtoto kuanzia pale alipo, si pale gredi yake inaposema yuko. Njia hii ilikuzwa na shirika la Pratham nchini India, na hapa Kenya shirika la Zizi Afrique limeitumia Bungoma, Turkana na Tana River. Mtoto anapimwa kwa dakika chache: anazijua herufi, anasoma maneno, anasoma aya, au anasoma hadithi? Kisha kwa muda fulani wa siku watoto wa Gredi ya 3 hadi ya 5 wanapangwa upya kwa kiwango badala ya umri. Wa herufi wanakaa na wa herufi, wa aya na wa aya. Kundi la herufi linacheza na kadi za silabi, linatunga maneno, linasoma kwa sauti, linasimulia na kuandika. Anayevuka kiwango anahamia kundi la mbele mara moja.

India ilitoa funzo jingine ambalo halina budi kuzingatiwa. Walimu walipopewa mafunzo na vifaa bila kutengewa muda, hakukuwa na badiliko la maana, kwa sababu walirudi kukimbizana na mtaala. Katika jimbo la Haryana ilitengwa saa moja kila siku ya kazi hii pekee, wasimamizi wakafuatilia, na watoto wakapanda. Muda uliotengwa ulikuwa sehemu ya dawa.

Hoja za wanaosita

Wapo walimu wanaosema mwongozo wa hatua kwa hatua unamgeuza mwalimu kuwa kasuku. Hoja hii ina uzito, na mwalimu mwenye uzoefu asinyang'anywe akili yake. Lakini mwongozo mzuri humwondolea kazi ya kubuni kila siku mpangilio wa sauti na maneno, akabaki na nafasi ya kuwatazama watoto: nani ametoka, nani amekwama, nani amechoka. Daktari naye hufuata utaratibu wa matibabu, na hatumwiti kasuku.

Wengine wanasema silabi na sauti zinachosha, mtoto apewe hadithi apende kusoma. Apewe hadithi, tena nyingi, na asomewe kila siku, kwa kuwa humo ndimo msamiati na ufahamu unamokua. Lakini hakuna anayependa kinachomuaibisha. Mapenzi ya kusoma huja mtoto anapogundua kwamba ukurasa unamtii. Yale mazoezi ya sauti ni ya dakika kumi na tano au ishirini kwa siku, si ya asubuhi nzima, na hayahitaji kuwa ya kuchosha mbele ya watoto waliokulia kwenye vitendawili, nyimbo na michezo ya kupiga makofi.

Hofu ya kumuaibisha mtoto wa Gredi ya 5 kwa kumkalisha na wadogo ni ya kweli. Ndiyo maana mpangilio huo uhusishe madarasa mazima kwa wakati mmoja, kila mtoto akiwa na kundi lake, na maandishi yanayosomwa na wakubwa yawe na habari za wakubwa: mpira, uvuvi, biashara, safari. Aibu kubwa zaidi ni kukaa miaka mitatu mbele ya ubao usiosomeka.

Kuna pia disleksia, hali ya kuzaliwa nayo inayofanya uhusiano wa sauti na herufi uwe mgumu kwa mtoto mwenye akili timamu. Kenya ina vituo vya kutathmini mahitaji ya watoto tangu 1984, na taasisi ya KISE ilianzishwa 1986 kuwaandaa walimu wa elimu maalumu. Mtoto anayeshukiwa apelekwe. Lakini asingoje cheti ndipo afundishwe. Mwenye disleksia hufaidika na ufundishaji ule ule wa waziwazi, ila taratibu zaidi, kwa marudio mengi zaidi, akitumia jicho, sikio na mkono kwa pamoja. Na ambaye hana disleksia, alirukwa tu na somo, hatadhurika nao.

Hoja ya mwisho ni wingi wa watoto darasani. Mwalimu mwenye msongamano hawezi kumsikiliza kila mmoja kila siku. Anaweza kumsikiliza kila mmoja mara moja kwa wiki, kwa dakika moja, akiandika daftarini alipokwama. Wakisoma wawili wawili, mmoja akifuatilia kwa kidole, darasa zima linasoma kwa wakati mmoja badala ya mmoja kusoma na wengine kulala. Na msaada wa mtaani si ndoto hapa. Mwaka 1986 Mombasa ndiyo iliyoanzisha shule za chekechea za Kiislamu chini ya Bi Swafiya Said na Wakfu wa Aga Khan, na nguvu yake ilikuwa kina mama wa mitaa hiyo hiyo, waliofundishwa kazi na kusimamiwa vizuri. Huko Mumbai nako, vijana wa kike wa mtaani walioajiriwa kuwafundisha watoto waliobaki nyuma waliinua alama za watoto hao.

Likoni ianzie wapi

Tukiyaweka yote pamoja, yanayohitajika hayazidi uwezo wetu. Shule ipime kusoma kwa kila mtoto wa Gredi ya 3 hadi ya 6 mwanzoni mwa muhula, mmoja mmoja, kwa sauti, wala isitegemee mtihani wa kuandika unaomficha mtoto anayenakili tu. Itenge saa moja ya kila siku ya shule kwa ajili ya makundi ya kusoma, iandikwe kwenye ratiba, na isiliwe na mazoezi ya gwaride wala mitihani ya majaribio. Saa hiyo itakuwa ndani ya muhula, kwa sababu sheria hairuhusu masomo ya ziada wakati wa likizo. Kadi za silabi zikatwe kwenye katoni. Kazi ianzwe kwa Kiswahili, lugha ambayo mtoto anaimiliki, kisha ujuzi huo uvushwe kwenda Kiingereza, sauti zake zikifundishwa kama sauti za lugha nyingine. Mwalimu wa madarasa ya chini awe yule mwenye uzoefu mkubwa kuliko wote shuleni, kwa kuwa kazi yake ndiyo ngumu kuliko zote.

Serikali nayo ina sehemu yake. Katiba ya 2010 imeikabidhi kaunti elimu ya chekechea, kwa hiyo ni Mombasa inayoamua kama watoto wa chekechea watatoka wakiimba ei bii sii au wakizijua sauti. Serikali kuu ina shule za msingi na maafisa wa mtaala. Tusome ilibebwa kwa sehemu kubwa na fedha za Marekani kupitia USAID, na USAID ilifungwa mwaka 2025. Hatuwezi tena kungoja mradi ufike na nembo yake. Vitabu vya Gredi ya 1 na ukaguzi wa ufundishaji wa kusoma viwe kwenye bajeti yetu wenyewe, kama mishahara na chaki.

Na wewe mzazi wa Shelly Beach, iwe unajua kusoma au hujui, leo jioni mwite mwanao, mpe kitabu chake cha Kiswahili, umwambie akusomee ukurasa ambao hajausoma darasani. Ukimuona anatazama picha na kubahatisha, usimpige, usimwite mjinga. Kesho mpeleke kwa mwalimu wake, umuulize maswali mawili: mwanangu amekwama wapi, na atafundishwa lini hatua hiyo? Usiondoke bila jibu, kwa maana kufundishwa kusoma ni haki yake.